Kika Mmoja, Panta Mmoja: Nani wa Kumchukua katika Historia ya NFL?

Mwaka 2019, NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ilipokuwa ikiadhimisha msimu wake wa 100, jopo la ligi hiyo lilitangaza kikosi cha wachezaji bora wa karne nzima, na katika nafasi mbili zinazotegemea mguu likachagua watu wanne: Jan Stenerud na Adam Vinatieri kwa upande wa makika, Ray Guy na Shane Lechler kwa upande wa mapanta. Uamuzi huo unalifaa jopo, kwa kuwa jopo linaweza kugawa heshima kwa wengi, lakini haumsaidii sana msomaji anayetaka jibu moja, maana timu halisi huingia uwanjani na kika mmoja na panta mmoja tu. Makala hii inawaweka wagombea bega kwa bega ili kuamua ni nani wa kuchukuliwa katika kila nafasi, na inaongeza majina matatu ambayo jopo liliyaacha nje: Morten Andersen, Justin Tucker na Johnny Hekker.

Kazi hizi mbili hufananishwa kwa sababu zote ni za kupiga mpira, ingawa zinafanana kidogo sana. Kika hupiga mpira uliosimamishwa chini: mchezaji mmoja huurusha kinyumenyume kupitia katikati ya miguu yake, mwingine aliyepiga goti yadi saba au nane nyuma huudaka na kuusimamisha kwa ncha ya kidole, kisha kika huupiga ili upite juu ya mtambaa wa panya na katikati ya nguzo mbili ndefu. Ukipita, hiyo huitwa fildi goli, na timu yake hupata alama 3. Panta yeye hurushiwa mpira mikononi akiwa yadi kama 15 nyuma, huudondosha na kuupiga kabla haujagusa nyasi, na hana goli analolilenga. Timu yake imeshindwa kusogea yadi 10 katika majaribio matatu, haitaki kuhatarisha la nne, na kwa hiyo inamtuma awakabidhi wapinzani mpira wakiwa mbali iwezekanavyo.

Kutokana na tofauti hiyo, takwimu za makika na za mapanta hazistahili kuaminiwa kwa kiwango kimoja. Mkwaju wa kika una majibu mawili tu, umeingia au haukuingia, kwa hiyo asilimia yake husema karibu ukweli wote mradi msomaji azijue zama zilizoizaa. Kwa panta hali ni kinyume: namba yake inayotajwa mara nyingi zaidi, yaani wastani wa yadi kwa kila mkwaju, ndiyo inayopotosha zaidi.

Makika: zama kwanza, asilimia baadaye

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kika alikuwa mtu mwenye kazi nyingine uwanjani. Lou Groza wa Cleveland Browns alikuwa mlinzi wa safu ya mbele, na George Blanda, aliyecheza misimu 26 na kustaafu akiwa na umri wa miaka 48, alikuwa kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi kwa kutupa pasi. Walipiga kwa ncha ya kiatu, wakiujia mpira moja kwa moja kutoka nyuma yake. Mwaka 1964, Pete Gogolak, aliyezaliwa Hungaria, aliingia Buffalo Bills na mtindo ambao kila mtoto anayecheza kandanda Dar es Salaam au Mombasa anaujua bila kufundishwa: kuujia mpira kwa pembeni na kuupiga kwa upande wa ndani wa mguu, pale kwenye mfupa wa juu ya unyayo. Eneo la mguu linalogusa mpira likawa kubwa zaidi, na makosa yakapungua. Mark Moseley wa Washington, aliyetajwa mchezaji bora wa ligi nzima mwaka 1982 na ambaye hadi leo ndiye kika pekee aliyewahi kuipata tuzo hiyo, alikuwa mmoja wa wa mwisho kupiga kwa mtindo wa kale.

Mlango huo ulipofunguka, wageni waliingia kwa wingi. Afrika ilikuwa na watu wake pia: Wanigeria Obed Ariri na Donald Igwebuike walipokezana kazi Tampa Bay katikati ya miaka ya 1980, na Gary Anderson, kijana aliyekulia Durban, alimaliza kazi yake akiwa na fildi goli 538.

Jan Stenerud aliingia kupitia mlango huohuo. Alizaliwa Norway mwaka 1942 na alikwenda Marekani kusoma Montana State kwa ufadhili wa mchezo wa kuruka kwa ski. Alianza na Kansas City Chiefs mwaka 1967, akamaliza na Minnesota Vikings mwaka 1985, na mwaka 1991 akawa mtu wa kwanza kuingia katika Ukumbi wa Mashuhuri wa Canton, Ohio, kwa kazi ya ukika peke yake. Katika Super Bowl, yaani fainali ya ubingwa, ya Januari 1970 Chiefs walipata alama zao tisa za kwanza kwa mguu wake, na fildi goli lake la yadi 48 siku hiyo lilidumu kama refu kuliko yote ya Super Bowl hadi Januari 1994.

Hata hivyo, asilimia ya Stenerud katika maisha yake yote ya kazi ni 66.8. Msomaji wa leo akiiona namba hiyo pekee atadhani anasoma habari za mtu ambaye angefukuzwa kazi kabla ya Novemba. Ukweli ni kwamba katika miaka ya 1960 karibu nusu ya mikwaju yote ya ligi ilikosa, ilhali siku hizi zaidi ya asilimia 80 huingia. Viwanja vilikuwa matope, mpira uliopigwa ulikuwa uleule uliochezewa mechi nzima, na aliyeusimamisha mara nyingi alikuwa kwotabeki aliyefanya kazi hiyo kwa dakika chache za mazoezi. Aidha mwaka 1974, ligi ilipoona fildi goli zimezidi, nguzo zilihamishwa kutoka mstari wa goli hadi mwisho wa uwanja, yadi 10 nyuma zaidi. Kwa hiyo Stenerud alijifunza kazi katika mazingira fulani na kuimaliza katika mengine, na aliyazidi yote mawili. Nisingemchukua leo kupiga mkwaju mmoja wa kuamua mechi, lakini bila yeye na Gogolak orodha hii isingekuwepo.

Morten Andersen ana hoja nyingine kabisa, nayo ni kudumu. Mdenishi huyu alifika Indianapolis mwaka 1977 kama mwanafunzi wa kubadilishana, akajaribu mchezo asioujua, na akaishia kucheza mechi 382 za NFL, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa nafasi yoyote. Alipiga kwa mguu wa kushoto. Alifunga fildi goli 565 kwa asilimia 79.7, akaingia Ukumbi wa Mashuhuri mwaka 2017, na Desemba 1995 alikuwa wa kwanza kufunga fildi goli tatu za yadi 50 au zaidi katika mechi moja.

Siku yake kubwa ilikuwa tarehe 17 Januari 1999, katika fainali ya NFC, mmoja wa kanda mbili za ligi, mjini Minneapolis. Gary Anderson wa Vikings alikuwa amepiga fildi goli 35 katika msimu wa kawaida na kufunga zote 35, idadi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia bila kukosa kabla yake. Zikiwa zimesalia dakika mbili na ushee alisimama kwa mkwaju wa yadi 38 ambao ungeipa timu yake uongozi wa alama 10, na ukapita nje ya nguzo ya kushoto. Atlanta Falcons wakasawazisha, mechi ikaingia muda wa nyongeza, na Andersen akaimaliza 30–27 kwa mkwaju wa umbali uleule wa yadi 38. Yaliyowapata watu hawa wawili wenye majina yanayokaribiana mno ndiyo yanayonifanya nisiwe mwepesi wa kumhukumu kika yeyote kwa mkwaju mmoja, hata kama mkwaju huo ndio unaokumbukwa na kila mtu.

Kinachompunguza Andersen katika ulinganisho huu ni paa. Alicheza miaka 13 New Orleans na mingine minane kwa vipindi viwili Atlanta, na timu zote mbili zilikuwa na viwanja vilivyofunikwa, visivyo na upepo wala mvua. Hilo si kosa lake, lakini asilimia iliyopatikana ndani haina uzito sawa na iliyopatikana nje mwezi Januari.

Adam Vinatieri anaanzia hapo. Alizaliwa South Dakota mwaka 1972, hakuna timu iliyomchagua katika drafti, ule uteuzi wa kila mwaka ambapo timu hugawana wachezaji wapya kutoka vyuo, na kabla New England Patriots hawajamchukua mwaka 1996 alikwenda kupigia timu ya Amsterdam huko Uholanzi. Alistaafu akiwa na fildi goli 599 na alama 2,673, namba ambazo zote ni za juu kuliko za mchezaji yeyote wa NFL, na pete nne za Super Bowl, tatu za Patriots na moja ya Indianapolis Colts. Ni Colts hao hao waliomsajili Mkenya Daniel Adongo kutoka raga mwaka 2013 na kumtumia katika vikosi maalumu, vile vinavyoingia wakati wa mikwaju, na hivyo kwa muda fulani Mkenya alivaa jezi moja na kika huyu.

Tuusogelee mkwaju wake mmoja. Ilikuwa usiku wa tarehe 19 Januari 2002, Foxboro, Massachusetts, theluji ikianguka tangu mechi ilipoanza. Patriots walikuwa nyuma 13–10 dhidi ya Oakland Raiders, zilibaki sekunde 27, na hawakuwa na haki ya kusimamisha muda, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kufagia mahali pa kusimamishia mpira. Umbali ulikuwa yadi 45. Kika anayepiga kwa kuzunguka hutegemea mguu usiopiga ujikite ardhini, na ukiteleza hata kidogo nyonga hufunguka mapema na mpira huenda pembeni; Vinatieri alifupisha hatua zake, akaupiga chini kuliko kawaida bila kuulazimisha upande juu, na mpira ukaruka kama shuti la mbali, ukapita juu ya mtambaa wa panya ukiwa tayari unashuka. Aliyeusimamisha alikuwa Ken Walter, panta wa timu hiyo. Katika muda wa nyongeza Raiders walisimamisha muda kabla ya mkwaju wa yadi 23 ili kumchosha akili, na kwa kufanya hivyo wakawapa Patriots nafasi ya kuondoa theluji kwa miguu; mkwaju ukaingia na mechi ikaisha 16–13. Wiki mbili baadaye alifunga kwa yadi 48 sekunde ya mwisho ikikatika, na Patriots wakaishinda St. Louis Rams 20–17 katika Super Bowl yao ya kwanza ya ushindi.

Wanaompinga wana hoja zao. Asilimia yake ya maisha ni 83.8, nzuri lakini si ya kutisha. Katika Super Bowl ya Februari 2004 alikosa mkwaju mmoja na mwingine ukazuiwa kabla ya kufunga ule wa yadi 41 uliowashinda Carolina Panthers 32–29, na watu husimulia wa tatu huku wakisahau wa kwanza na wa pili. Katika msimu wake wa mwisho, 2019, alifunga 17 kati ya 25 na kukosa hata mikwaju sita ya alama moja, ile ya nyongeza inayopigwa baada ya mwenzake kuingia na mpira eneo la goli. Pia tangu 2006 nusu ya mechi zake za msimu zilichezwa chini ya paa la Indianapolis. Hata hivyo, mechi za mchujo ndizo zinazompa uzito: fildi goli 56, ambazo hakuna aliyezifikia, na kadhaa kati yake katika baridi ya Kaskazini. Januari 2007 Colts walishinda 15–6 ugenini Baltimore, na alama zote 15 zilitoka mguuni mwake.

Justin Tucker ndiye mpinzani wa kweli. Kwa miaka mingi baada ya kuanza na Baltimore Ravens mwaka 2012, ndiye aliyekuwa na asilimia ya juu kuliko kika yeyote katika historia, na hadi anaondoka Ravens alikuwa amefunga 417 kati ya 468, sawa na asilimia 89.1, kwenye uwanja wa nyumbani usio na paa. Hakukosa mkwaju wa alama moja hata mara moja hadi Oktoba 2018, ingawa tangu 2015 mkwaju huo ulikuwa umesogezwa nyuma na kuwa wa yadi 33. Akiwa mgeni wa ligi, Januari 2013, alifunga yadi 47 katika baridi kali ya Denver na kumaliza mechi katika muda wa pili wa nyongeza. Mwezi uliofuata akavaa pete ya Super Bowl.

Mkwaju wake maarufu ni wa tarehe 26 Septemba 2021 mjini Detroit: yadi 66, ukagonga mtambaa wa panya, ukadunda juu na kuangukia upande wa pili, Ravens wakashinda 19–17. Kwa wapenda historia kuna sadfa ya ajabu hapo. Tom Dempsey wa New Orleans Saints, aliyezaliwa bila vidole vya mguu wa kulia na aliyepiga kwa kiatu maalumu chenye ncha bapa, aliweka rekodi ya yadi 63 tarehe 8 Novemba 1970 dhidi ya Detroit Lions hao hao, na mechi hiyo nayo iliisha 19–17. Rekodi ya Tucker ilivunjwa Novemba 2025 na Cam Little wa Jacksonville Jaguars kwa yadi 68, msimu ambao timu ziliruhusiwa kuiandaa mipira ya makika mapema badala ya kuipokea ikiwa mipya siku ya mechi. Rekodi za umbali, kwa maoni yangu, zisitumike sana kuamua ubora. Zinategemea mno kocha kukubali kujaribu, na saa kuwa inakaribia kuisha.

Mwisho wa Tucker haukuwa mzuri. Mwaka 2024 alifunga 22 kati ya 30, Mei 2025 Ravens walimwachia wakisema ni uamuzi wa kimichezo, na ligi ikamsimamisha mechi 10 kutokana na tuhuma za mwenendo usiofaa ambazo yeye amezikanusha.

Basi chaguo ni hili. Kama timu itacheza mechi 17 za kawaida na inataka alama nyingi zaidi kutoka kwa mguu mmoja, Tucker wa miaka ya 2013 hadi 2023 hana mfano, kwa kuwa hata ukiizingatia neema ya zama zake bado aliwaacha mbali makika wenzake wa wakati huohuo. Kama swali ni mechi ya mtoano, nje, Januari, basi Vinatieri. Historia ya mchezo huu huandikwa Januari na Februari, na kwa sababu hiyo namchukua Vinatieri. Naongeza jambo dogo ambalo takwimu hazilioni: mwaka 1996, katika mwaka wake wa kwanza, alimfukuza na kumwangusha Herschel Walker, mmoja wa wakimbiaji wenye kasi kubwa wa zama zile, aliyekuwa akielekea kufunga. Makika wengi wangekaa pembeni wakatazama.

Mapanta: namba inayopotosha

Ray Guy alikuwa panta wa kwanza kuchaguliwa katika raundi ya kwanza ya drafti, nafasi ya 23 mwaka 1973, na Oakland Raiders wa Al Davis na kocha John Madden. Watu walicheka. Aliwachezea Raiders hao hao hadi 1986, akashinda Super Bowl tatu, na mwaka 2014 akawa panta wa kwanza na hadi sasa wa pekee kuingia Ukumbi wa Mashuhuri kwa kazi hiyo tu. Alifariki Novemba 2022.

Wastani wake ni yadi 42.4 kwa mkwaju. Shane Lechler, aliyewachezea Raiders kuanzia mwaka 2000 na Houston Texans hadi 2017, ana wastani wa 47.6. Kwa kuziangalia namba hizo mbili pekee, mjadala umekwisha: Lechler amemzidi mwenzake kwa yadi tano kila mara mguu ulipogusa mpira, katika mikwaju zaidi ya 1,400.

Lakini panta hapigi mpira hewani peke yake. Mpinzani mmoja husubiri kule mwisho, huudaka na kuanza kurudi nao, huku wenzake panta wakikimbia kumfikia. Mkwaju mrefu na wa chini humfikia mrudishaji mapema, akiwa na yadi 20 za nafasi mbele yake kabla hajakutana na mtu. Mkwaju mfupi kidogo lakini wa juu sana humkuta amezungukwa. Vilevile mpira ukiingia eneo la goli la wapinzani, hao hupewa mpira bure kwenye yadi ya 20, na sehemu ya umbali aliotamba nao panta hufutika. Ndiyo maana kuna wastani wa pili, uitwao neti, ambao huondoa yadi zilizorudishwa na kukata yadi 20 kwa kila mpira ulioingia eneo hilo.

Mfano mmoja unatosha. Mwaka 2009 Lechler alikuwa na wastani wa ajabu wa yadi 51.1, na neti ya 43.9. Mwaka 2016 Johnny Hekker wa Rams alikuwa na wastani wa 47.8, zaidi ya yadi tatu chini ya Lechler, na neti ya 46.0. Yadi saba za Lechler ziliyeyuka baina ya mguu na matokeo. Kwa Hekker ziliyeyuka pungufu ya mbili. Msimu huo Hekker aliwakabidhi wapinzani mpira ndani ya yadi zao 20 mara 51. Kwa haki, neti ya 43.9 nayo ilikuwa rekodi ya ligi ilipowekwa, kwa hiyo Lechler hakuwa mpiga mbali tu. Hoja ni kwamba namba iliyompa sifa si ile inayompa thamani. Sammy Baugh, kwotabeki wa Washington, alikuwa na wastani wa 51.4 mwaka 1940, na rekodi hiyo ilidumu hadi Ryan Stonehouse wa Tennessee alipofika 53.1 mwaka 2022, lakini Baugh mara nyingi alipiga mapema, kabla ya jaribio la nne, wakati wapinzani hawakuwa na mtu wa kuusubiri mpira nyuma, ukabingirika utakavyo.

Kwa Guy tatizo ni kwamba takwimu za neti zilianza kuwekwa rasmi mwaka 1976, naye alianza miaka mitatu kabla. Alichosifiwa zaidi ni muda ambao mpira wake ulikaa angani, na muda huo hauko katika vitabu rasmi. Ushahidi uliobaki ni wa macho: katika mechi ya wachezaji nyota ya Januari 1976, ndani ya Superdome ya New Orleans, aliupiga mpira ukagonga skrini iliyoning'inia juu ya uwanja. Inasimuliwa pia kwamba Houston Oilers waliutilia shaka mpira wake hadi wakataka upimwe kama umejazwa gesi ya heliamu.

Tukio linalonishawishi zaidi kuhusu Guy halina uhusiano na urefu wa mkwaju. Katika Super Bowl ya Januari 1984 dhidi ya Washington, mpira ulirushwa juu mno nyuma yake. Kwa panta wa kawaida huo ni mwisho: mpira unapita, wapinzani wanauokota karibu na goli. Guy aliruka, akaunyaka kwa mkono mmoja hewani, akatua, na akaupiga kama kwamba hakuna kilichotokea. Raiders walishinda 38–9, na matokeo makubwa namna hiyo hufanya watu wasahau kwamba mechi ilikuwa bado changa wakati ule. Yaliyompata Sean Landeta wa New York Giants mjini Chicago Januari 1986 yanaonyesha upande wa pili wa kazi hii: upepo uliusogeza mpira alipoudondosha, mguu ukaugusa kwa kuuparuza tu, na Shaun Gayle wa Bears akauokota na kuingia nao golini kwa hatua chache.

Jeff Feagles naye anastahili sentensi moja: mechi 352 mfululizo bila kukosa, katika misimu 22, na ustadi wa kuulenga mpira utoke nje karibu na kona ambao wapiga mbali wengi hawakuwa nao. Waaustralia, kuanzia Darren Bennett aliyeanza kuichezea San Diego mwaka 1995, walileta kutoka mchezo wao wa nyumbani namna ya kuupiga mpira uzunguke kinyumenyume ili ukianguka usikimbilie eneo la goli, na mbinu hiyo sasa ni ya kila panta.

Hekker hakuchaguliwa na timu yoyote katika drafti alipotoka Oregon State mwaka 2012. Shuleni alikuwa kwotabeki, na hilo ndilo linalomtofautisha na wenzake wote hapa, kwa sababu wapinzani hawakuweza kumgeuzia mgongo na kukimbilia kumlinda mrudishaji wao: aliweza kutupa pasi. Katika fainali ya NFC ya tarehe 20 Januari 2019 huko New Orleans, Rams wakiwa nyuma 13–0, alijifanya anapiga kisha akamtupia Sam Shields pasi iliyoendeleza shambulizi lao. Siku hiyohiyo aliendelea na kazi yake ya kawaida, na ndiye aliyemsimamishia Greg Zuerlein mpira wa yadi 57 uliowapa Rams ushindi wa 26–23 katika muda wa nyongeza. Wiki mbili baadaye, katika Super Bowl ambayo Rams walifungwa 13–3, mkwaju wake wa yadi 65 ukawa mrefu kuliko yote katika historia ya fainali hiyo.

Kazi ya kusimamisha mpira si nyongeza ya hiari. Zamani ilikuwa ya kwotabeki; siku hizi karibu kila timu humpa panta, kwa kuwa ndiye mwenye muda wa kufanya mazoezi na kika siku nzima. Lechler alimfanyia Sebastian Janikowski kazi hiyo kwa miaka mingi, wote wawili wakiwa wamechukuliwa na Raiders katika drafti ileile ya 2000, na Lechler alipohamia Houston mwaka 2013, Janikowski, akiwa na mshikaji mpya, alifunga 21 tu kati ya 30. Kwa hiyo anayemchagua panta huwa pia anaamua mikono itakayomhudumia kika wake, na ukitaka Vinatieri apige Januari unahitaji mtu anayeudaka mpira uliolowa bila kutetereka.

Kwa vipimo hivyo vitatu, neti, tishio la pasi na mikono, namchukua Hekker mbele ya wale wawili wa jopo. Guy anabaki wa pili kwangu na Lechler wa tatu, isipokuwa timu yenyewe iwe na safu dhaifu ya mashambulizi inayokwama kila mara kwenye yadi zake 10 za kwanza. Hapo ningempandisha Lechler hadi juu, kwa sababu kutoka kule nyuma ni vigumu sana kuuzidisha mpira hadi uingie eneo la goli la wapinzani, na nguvu zote za mguu wake zinageuka kuwa faida.